MJADALA: Kijana anayetaka ajira ya tabianchi asome tabianchi, au aanze na fani nyingine?

Wakuu, msimu wa kuomba vyuo ukifika swali hili huzuka tena. Kijana amemaliza kidato cha sita, amefaulu, anataka kufanya kazi kwenye mabadiliko ya tabianchi. Ajaze shahada yenye jina hilo, au achukue misitu, hali ya hewa, uhandisi, sheria au uhasibu, kisha ahamie huko? Wapo wanaosema aende moja kwa moja, kwa kuwa fedha za wafadhili ziko huko na matangazo ya kazi yanalitaja neno tabianchi waziwazi. Mimi nasema fani kwanza.

Tuitazame kazi yenyewe. Kule Kwale, Kenya, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja na kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayofyonzwa na kuhifadhiwa na miti hiyo. Mapato yameleta maji na vitabu vya shule. Wengi tunaiona hundi tu. Kabla ya hundi kuna mtu aliyeingia topeni maji yalipokupwa, anayejua kutofautisha mkoko, mchu na mkandaa, akapima kipenyo cha shina na kukadiria uzito mkavu wa mti. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, na ukizidisha kaboni hiyo kwa 3.67 unapata uzito wa hewa ukaa. Akikosea kupima, kosa linasafiri hadi kwenye hesabu zinazouzwa. Huyo ni mtu wa misitu au wa sayansi ya bahari, na taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, imekuwa karibu na kazi hiyo ya Gazi kwa miaka mingi.

Kwetu Tanzania kanuni za biashara ya kaboni zilitoka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Mwekezaji akifika kijijini na mkataba utakaobana ardhi kwa miongo kadhaa, nani atausoma? Kijiji kinahitaji mwanasheria anayeielewa vizuri Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hili linaniumiza, maana mkataba mbaya utawabana hata wajukuu wa walioweka saini. Na fedha nazo? Benki ya CRDB ilipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, yaani kibali cha kupitishia fedha za mfuko huo wa kimataifa, mwaka 2019. Anayepima kama mkopo wa mkulima utarudi ni mtu wa benki aliyejifunza habari za mvua na ukame.

Jambo jingine ni miradi kufungwa. Mingi ina miaka mitatu hadi mitano. Ikifungwa, mhandisi wa umwagiliaji ana pa kwenda, na mtabiri wa hali ya hewa aliyepita chuo cha hali ya hewa cha Kigoma vilevile. Mwenye shahada ya tabianchi peke yake anaanza kusaka mradi mwingine.

Hoja ya upande wa pili inayonigusa ni gharama. Kumwambia mtoto wa mkulima asome fani, halafu arudi kusoma uzamili huku Bodi ya Mikopo inamdai, ni kumbebesha mzigo mzito. Jibu langu ni kwamba uzamili si lazima. Utafiti wa mwaka wa mwisho aufanye kwenye tabianchi, mafunzo kwa vitendo ayaombe Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) au idara ya mazingira ya halmashauri, na ajifunze vizuri ramani za satelaiti na takwimu. Haya yanawezekana ndani ya shahada ileile moja.

Nakubali pia kwamba Kenya hali ni tofauti kidogo. Sheria yao ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka kaunti ziingize suala hili kwenye mipango ya maendeleo, hivyo anahitajika mtu wa kuunganisha kilimo, maji, afya na barabara. Pale mwenye elimu pana ana nafasi yake. Bado ningependa awe anajua walau sekta moja kwa undani.

Sasa nipingeni. Hasa ninyi mliosoma shahada ya kwanza ya tabianchi: mmeajiriwa wapi, kwa cheo gani, na mkataba wa muda gani? Na mnaoajiri, CV mbili zikiwa mezani, moja ya misitu na nyingine ya tabianchi, mnaita ipi kwenye usaili, na kwa nini?