Pakingi mpya ya glandi inachuruzika na glandi inapata moto: nikaze au nilegeze?

mwana_sahare
Waungwana, habari za jioni. Naomba mafundi wa injini za ndani wanisaidie.

Boti ni ya mbao, futi 36, injini ya dizeli. Shafti ni ya chuma cha pua, mm 38. Glandi, yaani kile kiziba maji pale shafti inapotokea nje ya boti, ni ile ya kifuniko chenye boliti mbili, M10. Imetolewa pakingi (kamba ya kuzibia ndani ya glandi) yote ya zamani, ikawekwa mpya ya kitani yenye grisi, mm 8, mizunguko minne. Boti ikiwa imesimama linadondoka tone moja kila sekunde tatu hivi. Shafti ikizunguka, maji yanachuruzika kama uzi, na upande wa kulia wa glandi una joto kuliko wa kushoto. Hapa Sahare wazee wamegawanyika: mmoja anasema kaza mpaka ikauke kabisa, mwingine anasema iache ilowe kwanza. Yupo pia aliyeshauri tusokote kamba ya katani na grisi tuweke badala ya hii, maana katani Tanga ndiyo kwao. Nishike lipi?

fundi_shafti
Wa pili ndiye wa kumsikiliza. Kitani hufura kikilowa, kwa hiyo boti ikishashushwa majini kaza nati kwa vidole tu, uiache hivyo usiku kucha, ndipo uanze kurekebisha.

Kukaza mpaka ikauke ni kuua shafti. Glandi hii imeundwa ivuje kidogo wakati wa kazi, na yale matone ndiyo yanayopoza pakingi na kuilainisha. Ukiyazima, grisi huyeyuka ikatoka, kitani kikaungua na kuwa kigumu chenye kung'aa, kisha kikaanza kuchimba mfereji kwenye shafti. Mfereji ukishaingia, kukaza hakusaidii tena.

Nati ina pande sita. Boliti ya M10 ya kawaida husogea mm 1.5 kwa mzunguko mzima, kwa hiyo upande mmoja wa nati ni robo milimita. Hiyo ndiyo hatua yako, usizidishe. Zima injini, kaza upande mmoja kwenye kila boliti, washa, tia gia boti ikiwa imefungwa kwa kamba madhubuti, iache dakika 15 kwa mwendo wa chini. Hesabu matone kwa saa ya mkononi. Kama bado ni mengi, rudia. Pakingi haijibu papo hapo, na wengi huharibu hapa: wanakaza mara tatu ndani ya dakika tano, halafu baada ya nusu saa glandi inatoa moshi.

Siku za mwanzo, shafti ikizunguka, matone 8 hadi 10 kwa dakika yanafaa. Ikishafanya kazi saa kumi hivi, shusha hadi kati ya 2 na 5. Ikisimama, tone la hapa na pale au hata kukauka. Kama wingi unakutisha, piga hesabu: matone 20 ni kama mililita moja, hivyo matone 5 kwa dakika ni mililita 15 tu kwa saa. Hata hilo lako la kila sekunde tatu ni kama lita moja na nusu kwa siku nzima, jambo la kopo na dakika moja ya kufua ngama (maji ya chini ya boti). Ule uzi wa maji ndio wa kushughulikia.

Joto lina uzito kuliko idadi ya matone. Weka kiganja juu ya mwili wa glandi: uwe na uvuguvugu, na uweze kuuacha mkono hapo bila shida. Ukilazimika kuutoa, legeza upande mmoja wa nati maji yapite. Gusa mwili wa glandi tu, kamwe usiguse shafti, wala usiiname pale na kikoi kinachoning'inia au mikono mirefu ya shati.

Swali: hiyo mizunguko minne ni pete nne zilizokatwa mbalimbali, au ni kamba moja iliyozungushwa?

mtepe_bagamoyo
Naongezea kwenye hilo joto la upande mmoja. Chukua kalipa upime nafasi kati ya kifuniko na mwili wa glandi, kwenye boliti zote mbili. Zisipolingana, kifuniko kimekaa upande: kinabana pakingi sehemu moja, kwingine maji yanapita, na huenda chuma chenyewe kinasugua shafti. Ndiyo maana unaona maji mengi na moto kwa pamoja.

Kuhusu katani, tafadhali msiweke. Ni uzi mgumu wa jani. Ndio huohuo unaotengenezewa magurudumu ya kung'arishia chuma. Kitani ni laini na hunywa mafuta. Na pakingi nyeusi ya grafaiti, hata ukiipata kwa bei nzuri, iepuke kwenye maji ya chumvi, kwani grafaiti hukaribisha kutu ya umeme kwenye shafti.

Kwa boti zinazokaa mchangani maji yakipwa, kama hizi za mbele ya soko la samaki hapa Bagamoyo, usiwashe na kutia gia kabla haijaelea vizuri. Tyubu, lile bomba shafti inamopita, huwa imeshika mchanga na pakingi haina maji.

mwana_sahare
Ahsanteni sana. Nimepima: kulia mm 6.5, kushoto mm 9. Na ni kamba moja iliyozungushwa mara nne, haikukatwa.

fundi_shafti
Basi hapo usihangaike na nati, toa yote upange upya. Kamba iliyozungushwa inaacha njia ya maji kuanzia tyubu mpaka nje, na ncha zake hufanya upande mmoja uwe mnene, kifuniko kikapinda.

Subiri bamvua, boti ikae mchangani maji yakipwa, ufanye kazi bila haraka. Vuta pakingi kwa ndoano laini ya waya bila kukwaruza shafti. Pitisha ukucha juu ya shafti: ukinasa mfereji, pakingi yoyote itakusumbua. Hakikisha pia kipimo: kipenyo cha ndani cha glandi toa 38, gawa kwa mbili. Kikiwa 54, mm 8 ni sawa.

Zungusha pakingi kwenye bomba la mm 38, ukate kwa wembe mkali kwa mshazari wa nyuzi 45. Kila pete itakuwa na urefu wa karibu mm 145. Paka grisi isiyooshwa na maji, ingiza pete moja, isukume mpaka mwisho kwa kipande cha mbao, ndipo ifuate nyingine. Usiziingize zote pamoja kisha ukategemea kifuniko kizisukume, kwa sababu ile ya mbele itabanwa na ya ndani italegea. Maungio yapishane kwa robo ya mduara. Kifuniko kiingie kidogo ndani ya glandi ili kikae katikati. Kikigota kabla ya kubana, ongeza pete ya tano.

Nafasi za boliti mbili zisitofautiane hata nusu milimita. Kaza kwa zamu, pima kila mara, na mwisho funga nati ya pili juu ya ya kwanza, maana mtetemo wa dizeli hulegeza nati moja.

mtepe_bagamoyo
Na ikiwa baada ya hayo yote joto linarudi upande uleule, kagua bushi ya shafti, na kama injini imenyooka sawa na shafti. Fungua kaplingi (kiungo cha shafti na injini), pima pengo kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, juu, chini, kulia na kushoto. Tofauti isizidi mm 0.1 kwa kila mm 100 za kipenyo cha kaplingi. Pima boti ikielea, si mchangani, maana mbao hupinda uzito ukikaa sehemu nyingine na vipimo hubadilika.