Kuwinda grausi Minnesota bila mbwa, inawezekana?

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa mliowahi kuwinda ndege huku Marekani. Niko kaskazini mwa Minnesota, leseni na cheti cha usalama wa bunduki ninavyo, na msimu wa grausi unafunguliwa katikati ya Septemba. Ni ndege wa jamii ya kwale, na mwisho wa kuwinda ni ndege 5 kwa siku.

Wengi wananiambia bila mbwa ni kupoteza muda. Kumlea mbwa mwaka mzima kwa ajili ya msimu mmoja, hapana, siwezi.

Mzee mmoja wa kazini anawinda kwa miguu tu. Anafuata njia za zamani za wakata magogo, pale penye miti michanga ya aspeni iliyosongamana. Anapiga hatua kadhaa, anasimama kimya. Eti ule ukimya ndio unaomtia grausi wasiwasi mpaka anaruka kwa kishindo, na kufumba na kufumbua keshapotelea matawini.

Wengine huendesha gari polepole asubuhi kwenye barabara za changarawe, ndege wanapotoka kudonoa vijiwe. Huo naona uvivu, tena bunduki yenye risasi ndani ya gari ni kesi.

Sasa nisaidieni: ukimwangusha kichakani na huna mbwa, unampataje kwenye majani makavu yenye rangi kama yake? Marisau (vile vipande vidogo vya risasi) nitumie ya ukubwa namba 6 au 7½? Na Waislamu wenzangu, bismillah mnaiwahi saa ngapi ndege akikurupuka hivyo?