Tengeru, Makerere au Kigali? Nisaidieni kuchagua kituo cha utafiti

Mwana_Maabara:
Habari zenu wakuu. Nimepata nafasi tatu za uzamili na natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi: WISE-Futures pale chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, Arusha, MAPRONANO ya Makerere, na kituo cha nishati cha Chuo Kikuu cha Rwanda, ACEESD. Vyote vinachanganya sayansi na uhandisi. Kipi bora?

Kisiki:
Bora kwa lipi? Hujasema ulisoma nini, unataka kutafiti nini, nani anakulipia, wala msimamizi ni nani. Vyote vilizaliwa na mradi mmoja wa Benki ya Dunia, ACE II, wenye vituo 24 katika nchi 8, lakini kazi zao ni mbalimbali. WISE ni maji na nishati, MAPRONANO ni malighafi na nano (chembe ndogo mno), ACEESD ni nishati. Weka mambo mezani tukushauri.

Dada_Tengeru:
Nenda Nelson Mandela, usihangaike. Pale hakuna shahada ya kwanza, kwa hiyo hugombanii mizani ya maabara na kundi zima la mwaka wa kwanza. Malighafi, nishati, maji na mazingira viko skuli moja. Mtu wa kemia na mhandisi wa maji wanakutana kwenye korido. Dkt. Askwar Hilonga alikuwa mhadhiri pale alipobuni lile chujio la mchanga na nano lililoshinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015.

Wandegeya:
Makerere nayo msiipite hivi hivi. Kama nano yako inaelekea kwenye tiba, hospitali ya Mulago iko kilima cha jirani. Hilo Tengeru hamna.

Bi_Sampuli:
Mdogo wangu, usichague kwa jina. Mimi nilisoma kituo kimoja cha namna hii, sitakitaja. Kwenye tovuti yao kulikuwa na mashine ya XRD (ya kuchunguza fuwele kwa eksirei) na darubini ya elektroni. Nafika, XRD imeungua tyubu, na fundi wa maabara aliyeijua mkataba wake umekwisha. Ipo, imefunikwa kitambaa, kila mgeni anaonyeshwa. Ikabidi sampuli zitumwe nje ya nchi. Unga mweupe kwenye vichupa, umeandikwa namba tu: forodha wakauzuia, na wana haki, wangejuaje ni kitu gani? Ulipofika ulikuwa umeshanyonya unyevu, majibu hayakufaa, nikaanza upya. Huku nina wasimamizi wawili. Wa kemia anataka nieleze muundo wa fuwele kwanza, wa uhandisi anataka nipitishe maji halisi ya kisima kwenye chujio. Tasnifu ikawa inakwenda na kurudi kati yao, posho ikakata, nikamalizia kwa kufundisha tuisheni.

Kwa hiyo uliza haya: nani anatengeneza mashine ikiharibika? Umeme ukikatika kuna jenereta ya maabara, au ya ofisi tu? Wasimamizi wako wamewahi kuandika makala pamoja? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Wasipoelewana wao, wewe ndiye utakayeumia.

Kisiki:
Bi_Sampuli amemaliza. Mleta mada, tunakusubiri.

Mwana_Maabara:
Asanteni sana, dada Bi_Sampuli hasa. Nilisoma kemia, Mlimani. Nataka kufanya kazi ya kuondoa floraidi kwenye maji. Arusha wanalipa ada tu, Kigali ada na posho, Makerere bado sijapangiwa msimamizi.

Kisiki:
Floraidi! Sasa Kigali kwenye nishati unafuata nini, posho?

Wandegeya:
Usimseme vibaya. Mtu asiyekula hatafiti. Halafu kuchuja maji kunahitaji nishati, anaweza kuingilia hapo.

Mzee_wa_MajiYaChai:
Huku kwetu chini ya Meru watoto meno yanageuka kahawia, na floraidi ikizidi sana mifupa inapinda. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vyetu vingi vimepita hapo mbali. Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kijana, njoo uanzie hapo, nano baadaye.

Dada_Tengeru:
Shikamoo mzee. Lakini mkaa wa mifupa watu wengine hawautaki kwa imani zao, na ukichomwa vibaya maji yananuka.

Mzee_wa_MajiYaChai:
Marahaba mwanangu. Unanuka ukichomwa nusu nusu, ukabaki mweusi wenye mafuta. Tatizo ni tanuri, mkaa wenyewe hauna kosa. Na ukishashiba floraidi lazima ubadilishwe. Hapo ndipo kaya nyingi zinapokwama, maana kwa macho hujui umeshiba lini.

Mwana_Maabara:
Mzee, hapo mmenifungua macho. Hakuna kipimo cha bei nafuu cha nyumbani cha kuonyesha kwamba mkaa umeshiba?

Bi_Sampuli:
Vipo vya kubadili rangi, ila alumini na fosfati kwenye maji vinaweza kupotosha majibu. Andika hilo kwenye proposo yako, kisha wapelekee wote watatu uone nani atakujibu.

Kisiki:
Mzee, mkaa huo kwa ndoo ya lita ishirini unapatikana wapi? Shemeji yangu yuko Usa River.