Hoteli au meli badala ya makao ya wazee: nani amepiga hesabu?

Kutoka: Mama wa Watatu

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za siku.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona rafiki yangu aliyehamia makao ya wazee. Ana chumba kimoja, dirisha linatazama maegesho ya magari, na saa mbili usiku taa za ukumbini zimeshazimwa. Aliponitajia anacholipa kwa mwezi nilinyamaza. Nilipofika nyumbani nikatafuta bei ya hoteli ya kawaida kwa mkataba wa miezi mitatu, kisha bei ya meli za kitalii zinazozunguka dunia. Hazikuwa mbali na ile, na moja ilikuwa chini yake.

Hotelini unatandikiwa kitanda, na mapokezi kuna mtu usiku kucha. Melini kuna chakula, zahanati na watu wa kuongea nao. Nina miaka 67, ni mjane, magoti yananisumbua na natumia dawa za presha. Watoto wangu wako nchi tatu tofauti, na hakuna hata mmoja mwenye chumba cha ziada. Makao ya wazee yananitisha, nasema wazi. Naomba mnijibu kwa hesabu, msinionee huruma.

Kutoka: Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Dada mkubwa, shikamoo. Nimefanya kazi ya kuhudumia wazee miaka 19, na swali lako naulizwa na wagonjwa wenyewe.

Ile bei iliyokunyamazisha, sehemu kubwa yake si ya chumba. Ni mikono ya watu. Sisi wauguzi tukitaka kujua kama mtu anaweza kuishi peke yake tunatazama mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kula mwenyewe, na kuweza kubana haja. Ukiyamudu yote sita, hoteli inakufaa, pengine kuliko makao. Likikushinda moja, hoteli haina mtu wa kukusaidia. Mhudumu wa vyumba atabadilisha mashuka kwa moyo mweupe, lakini hana ruhusa wala mafunzo ya kukushika mwili akuogeshe. Ukimwomba, unamweka pabaya yeye na kazi yake.

Nilimhudumia baba mmoja aliyekaa hotelini miaka miwili, na aliipenda. Asubuhi walimwita kwa jina, walijua anakunywa chai bila sukari. Usiku mmoja akateleza bafuni. Wafanyakazi walifanya vizuri sana, waliita gari la wagonjwa mara moja. Shida ilianza alipopona. Hospitali haikuweza kumruhusu kwa sababu kule anakorudi hakuna wa kumpokea: bafu ni la kuruka ukingo, hakuna vishikizo ukutani, hakuna wa kumgeuza usiku. Alikaa wodini wiki nyingi akisubiri nafasi kwenye makao, na alipoipata haikuwa ya kuchagua. Ndicho ninachokuombea kisikupate: kuingia makao kwa dharura, bila kuulizwa unataka wapi.

Kuhusu meli, daktari yupo kweli, na wengi ni hodari. Ila zahanati ya meli imewekwa kwa ajili ya kukutuliza hadi bandari inayofuata. Ukivunjika nyonga utashushwa, na utalazwa katika mji usioujua, lugha huielewi, na meli itaondoka na majirani zako wote. Mtu anayesafishwa damu kwa sababu ya figo hawezi kutegemea zahanati hiyo kabisa. Na mtu aliyeanza kusahau, jamani, msimpeleke melini. Korido zote zinafanana, milango yote inafanana. Nimeona wazee wakipotea kwenye jengo la ghorofa moja.

Maambukizi nayo yapo. Mnakumbuka meli ya Diamond Princess pale Yokohama, Japani, Februari 2020: watu zaidi ya 700 waliambukizwa korona katika meli moja, na abiria walifungiwa vyumbani kwa siku nyingi. Virusi vya kuhara na kutapika pia husambaa upesi mahali ambapo watu wengi wanakula pamoja. Kwa kijana ni siku mbili mbaya. Kwa mtu wa miaka 80 kuishiwa maji mwilini ni jambo la kulazwa.

Kutoka: Mhasibu

Salaam dada. Umeomba hesabu, twende.

Wazo hili lina utafiti wake. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Marekani, Lee Lindquist na Robert Golub, waliandika katika jarida la kitabibu la wazee nchini humo wakilinganisha meli na makao yenye usaidizi mwepesi. Kwa miaka 20 walipata karibu dola 230,000 melini na karibu dola 228,000 kwenye makao. Karibu sawa. Tangu hapo watu wanaisambaza habari hii kama uthibitisho kwamba meli ni nafuu, na wanasahau mambo mawili: ni makadirio ya miaka zaidi ya 20 iliyopita, na yanamhusu mzee anayehitaji msaada kidogo tu. Mzee wa kuogeshwa na kulishwa hakuwemo.

Kwako wewe kuna jambo zito zaidi. Bei ya meli unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja katika chumba cha wawili. Anayelala peke yake hutozwa nyongeza, na mara nyingi hufika karibu bei ya watu wawili. Mjane analipia kitanda kitupu. Kabla hujasema meli ni rahisi, tafuta bei ya mtu mmoja, kisha ongeza bakshishi, kufua, intaneti, bima, na nauli ya ndege kila unapopanda na kushuka.

Halafu, kampuni inaweza kukuangusha. Novemba 2023 safari ya miaka mitatu ya Life at Sea ilifutwa zikiwa zimebaki siku chache waondoke, kwa sababu meli haikupatikana. Mwaka 2024 meli ya Villa Vie Odyssey ilikwama Belfast miezi kadhaa ikitengenezwa huku wakazi wake wakisubiri. Fikiria umeshauza nyumba. Meli nazo huzeeka. Mama mmoja, Beatrice Muller, aliishi kwenye meli ya Queen Elizabeth 2 kwa miaka kadhaa, hadi meli yenyewe ilipoondolewa kazini mwaka 2008, naye akalazimika kuhama akiwa na umri mkubwa.

Kwa hoteli, zungumza na meneja, achana na tovuti. Mkataba wa mwezi au miezi mitatu hupunguzwa sana, hasa msimu ambao vyumba viko wazi. Uliza bei itakuwaje msimu wa wageni, kwa maandishi. Chagua hoteli yenye jiko dogo chumbani, maana kula mgahawani kila siku kunamaliza akiba haraka kuliko kodi. Na ujue kwamba sehemu nyingi mgeni wa hoteli hana kinga aliyonayo mpangaji. Wakikitaka chumba, wanakitaka.

Kutoka: Binti wa Makaratasi

Shikamoo mama. Naongeza kidogo tu, kwa sababu sisi wahamiaji tuna jambo ambalo wenyeji hawalifikirii.

Kama huna uraia wa hapo ulipo, kuishi melini kunaweza kukupotezea ukaazi. Ukaazi wa kudumu wa Uingereza kwa kawaida hukoma ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Mwenye kadi ya kijani ya Marekani, yaani ukaazi wao wa kudumu, akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi anaweza kuhesabika ameiacha. Bandari nyingi nazo zinadai viza kulingana na pasipoti yako, na kampuni ya meli inaweza kukukatalia kupanda usipokuwa nazo. Ukiwa na Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, melini inakulipia tu meli ikiwa bandarini kwao au isipozidi saa 6 kutoka bandari yao. Baada ya hapo ni bima yako binafsi, na hakikisha inagharamia kusafirishwa kwa dharura.

Usikubali kukosa anwani, mama. Benki, pensheni, daktari wa mtaa, kura, vyote vinadai anwani.

Kutoka: Mama wa Watatu

Nimesoma majibu yenu mara mbili, na mara ya pili nikachukua kalamu.

Meli nimeiacha. Kitanda kitupu ndicho kilichonimaliza, kaka mhasibu. Nililala na mume wangu miaka 38, siwezi kukilipia kila usiku.

Hoteli sijaiacha. Bado naona mtu mwenye nguvu zake hana haja ya kukaa mahali taa zinazimwa saa mbili. Nitaanza na miezi mitatu ya baridi, karibu na hospitali ambayo daktari wangu anaijua, na nyumba yangu siiuzi, naipangisha kwa mkataba mfupi. Yale mambo sita nimeyaandika kwenye karatasi, nakala kwa kila mtoto. Siku mawili kati yake yatakaponishinda, watanihamisha, hata nikikataa. Na nitaenda kutembelea makao matatu sasa hivi, nikiwa na miguu yangu, nichague moja na kujiandikisha kwenye orodha ya kusubiri. Hati ya uwakilishi, ya kuniamulia mambo nikishindwa mwenyewe, tutaitengeneza na mwanangu wa kwanza.

Mdogo wangu muuguzi, nikienda kuiona hoteli nitazame nini kwanza?

Kutoka: Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Bafu, dada. Ingia ukiwa umevaa viatu vyako vya kila siku, jaribu kuingia na kutoka bila kushika ukuta. Pima upana wa mlango kama kiti cha magurudumu kinapita. Uliza kama wanaruhusu kufunga vishikizo, na kama mhudumu wa nje anaweza kuja kukuhudumia chumbani akihitajika, maana hoteli nyingine zinakataa. Kisha lala usiku mmoja kabla ya kulipa, na saa nane usiku piga simu mapokezi uone inachukua muda gani kupokelewa.