Kituo kinajiita cha Louisville, lakini ndani hakuna mtu

Ndugu wanajukwaa, hasa mnaoishi hapa Kentucky, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Usiku wa ile dhoruba umeme ulikatika mtaani kwetu, intaneti nayo ikafuata, tukabaki na redio ya betri. Nikafungua kituo kimoja cha FM, ambacho sitakitaja, kinachojinadi mchana kutwa kuwa ndicho sauti ya Louisville. Mashine ya tahadhari ikapiga mlio wake, sauti ya kompyuta ikasoma majina ya kaunti harakaharaka, kisha muziki ukaendelea, na baada yake mtangazaji akatuambia kwa bashasha kwamba ilikuwa jioni nzuri ya kukaa barazani. Wakati huo upepo ulikuwa ukivunja matawi mbele ya dirisha letu. Bwana yule alikuwa amerekodi maneno yake mapema, na sidhani kama alijua hata mvua inanyesha kwetu. Nilipopiga simu kulalamika, mashine ilinizungusha mpaka idara ya mauzo, ambako, ajabu, mtu yupo.

Mji huu unajua redio yake inavyopaswa kuwa, kwa sababu uliwahi kuwa nayo. Mto Ohio ulipofurika Januari 1937, redio ya hapa mjini, WHAS, iliacha vipindi vyake vya kawaida, ikawa inasoma usiku na mchana ujumbe wa kuwaelekeza waokoaji ni nyumba gani ipelekewe mashua. Tarehe 3 Aprili 1974 kimbunga kilipoupiga mji, Dick Gilbert, aliyezoeleka kwa taarifa za foleni za magari, alikifuata kwa helikopta na kuwaambia wasikilizaji kinaelekea wapi, mtaa kwa mtaa. Kazi ya namna hiyo haiwezi kurekodiwa asubuhi ikasubiri jioni.

Tulifikishwaje hapa? Kabla ya 1996 kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo 40 vya redio Marekani nzima. Sheria ya mawasiliano ya mwaka huo ikakiondoa kikomo hicho, na katika masoko makubwa ikaruhusu mmiliki mmoja kushika hadi vituo 8 kwa pamoja. Kisha mwaka 2017 tume ya mawasiliano, FCC, ikafuta kanuni iliyomlazimu mwenye leseni kuwa na studio kuu ndani au karibu na mji anaoutangazia. Kwa hiyo kuiacha studio tupu si kosa la kisheria, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: masafa ni mali ya umma, leseni imetolewa kwa jina la mji wetu, lakini mwenye nayo haulizwi kama ana mtu wa kuchungulia dirishani.

Televisheni, pamoja na kutulisha mauaji na matangazo ya magari kila saa tano usiku, angalau huwaacha watabiri wao wa hali ya hewa hewani mpaka hatari ipite. Lakini umeme ukikatika, televisheni inakufaa nini?

Wanaoumia zaidi ni wazee wetu kutoka Kongo na Burundi ambao Kiingereza hakijawakaa. Mtangazaji aliye studioni angeweza kurudia, kutaja barabara wanayoijua, hata kumwita mtu wa kusema maneno mawili kwa Kiswahili, lakini kompyuta ikishasoma imesoma. Vituo vidogo kama Forward Radio huendeshwa na watu wa kujitolea kwa nguvu isiyozidi wati 100, wakati wenye mitambo mikubwa wanatupigia muziki. Ni aibu.

Leseni za redio za Kentucky zinafikia ukomo tarehe 1 Agosti 2028, na kabla ya hapo wananchi wana haki ya kupinga zisihuishwe. Kila kituo pia kinatakiwa kuweka kwenye tovuti ya FCC, kila robo mwaka, orodha ya masuala ya jamii kiliyoyashughulikia. Naomba tuisome ya kituo hiki tuone kimejisifia nini. Nanyi mliokuwa mkikisikiliza usiku ule, andikeni hapa chini ilikuwa saa ngapi na mlisikia nini hasa, kwa sababu barua ya malalamiko isiyo na saa wala tarehe haitakuwa na uzito.