Mjadala: Ufalme wa Kristo uandikwe kwenye katiba?

Wadau, salaam. Desemba 29, 1991, hata miezi miwili haijaisha tangu aapishwe, Rais Frederick Chiluba aliitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo, akiwa Ikulu, Lusaka. Mwaka 1996 tamko likaingia kwenye utangulizi wa katiba. Wanaolishabikia husema ufalme wa Kristo hauna mwisho, Luka 1:33, basi dola nayo ikiri. Mimi ni Mkatoliki na sikubali.

Najua mtanirushia Papa Pius XI, aliyeweka sikukuu ya Kristo Mfalme mwaka 1925 kwa waraka wa Quas Primas. Kweli, anawataka watawala wamheshimu Kristo hadharani. Ila humo humo ananukuu utenzi wa kale: agawaye falme za mbinguni hanyang'anyi za duniani. Tena fungueni Injili za sikukuu yenyewe, zinazosomwa kwa mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C. Mwaka A, Mathayo 25, Mfalme anauliza habari za wenye njaa na wafungwa. Mwaka B anahojiwa na Pilato. Mwaka C yuko msalabani, mhalifu wa pembeni anamwomba amkumbuke. Serikali inayomtawaza sijaiona popote.

MZEE WA KANISA: Mwanangu, unasoma nusu. Mathayo 28:18, amepewa mamlaka yote mbinguni na duniani. Bunge liko wapi, mbinguni? Katiba isipomkiri Kristo itamkiri mwingine.

MAMA WA KWAYA: Shikamoo mzee. Mbona viongozi wa makanisa makubwa ya Zambia wenyewe walilalamika kuwa hawakushauriwa? Na Chiluba mwenyewe aliyelitangaza, mwaka 2007 mahakama ya London, kwenye kesi ya madai, ilisema alishiriki njama ya kufuja mamilioni ya dola ya umma. Haki itendeke, Lusaka ilimwachia huru 2009 kwenye jinai. Lakini jina la Kristo lilishaburutwa humo.

MZEE WA KANISA: Dhambi ya mtu haifuti tamko. Daudi je?

MLETA MADA: Shikamoo mzee. Daudi hoja nzito, nakupa. Ila mamlaka yote maana yake hahitaji kura za wabunge. Paulo aliandika "sharti amiliki yeye" wakati Kaisari anafukiziwa ubani, na hakumwomba Kaisari abadilishe sheria hata moja. Sasa nijibu hili: Mwislamu wa Lusaka, raia anayelipa kodi kama wewe, utangulizi ule unamwambia yeye ni nani nchini mwake?