Naomba ushauri: zawadi za wasichana wawili, miaka 15 na 13

BabaWaChangamwe:
Assalam aleikum ndugu zangu. Nyumbani nina binti yangu wa miaka 15 na mpwa wangu wa miaka 13. Huyu tunaishi naye tangu dadangu, mamake, alipofariki mwaka juzi. Shule zimefungwa, wote wawili wamejitahidi, nataka kuwatunza.

Mwaka jana niliwanunulia mikoba ya dukani, sare, asije mmoja akaona mwenzake kapendelewa. Walishukuru kwa adabu, ikatundikwa nyuma ya mlango, iko hapo mpaka leo. Iliniuma, maana nilinunua bila kuwatazama.

Binti yangu huchora. Kingo za madaftari yake zimejaa maua na majani. Mpwa wangu ni mkimya, mtu wa sindano. Akiona nguo imefumuka huishona bila kuambiwa. Nina shilingi 3,000 kwa wote wawili. Nisaidieni, hasa kina mama.

KijanaTudor:
Mzee, wape pesa wajinunulie wenyewe. Wanajua wanachotaka.

MpakaHina:
Pesa zitaishia kwenye bando, baba. Huyo wa maua kwenye madaftari ni mpakaji hina, hajajijua tu. Mimi nilianza vivyo hivyo.

Pita sokoni Marikiti umchukulie unga safi wa hina, ndimu, mafuta ya mkaratusi na nailoni ya kukunjia koni. Unga auchekeche kwa kitambaa chepesi, tena mara mbili, kwani chembe moja tu huziba tundu na mstari ukakatika katikati ya ua. Aukande kwa maji ya ndimu, aulaze usiku kucha. Wiki ya kwanza achore juu ya sahani, afute, arudie, mpaka mkono uzoee kubana koni kwa kiasi. Akishampaka mtu asishtuke: rangi huanza ya chungwa, hukolea kesho yake au keshokutwa.

Nakuomba sana, piko nyeusi usimnunulie. Ile hutengenezwa kwa dawa ya kupaka nywele. Nimeshika mikono ya maharusi iliyotoka malengelenge, na ngozi ikishaikataa dawa ile, mara nyingi huikataa maisha.

MamaMjiWaKale:
Mimi nimemfikiria huyo yatima. Wa aleikum salam, baba. Marehemu aliacha leso, yaani kanga?

Wengi wangekwambia uende ukanunue Mtaa wa Biashara, na leso mpya ni zawadi nzuri, bora usome jina kwanza, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Zipo za mafumbo ya wake wenza, na zipo kama «Nani kama mama», ambayo kwa mtoto huyu ingekuwa kumtonesha kidonda. Lakini kama za mamake zipo, muulize yeye kama angependa moja ageuze kitu cha kutumia. Muulize faragha, na akikataa yaishe. Usikate wewe, wala fundi asikate.

Akikubali, mnunulie mkasi mzuri wa nguo, nyuzi za rangi, sindano na kitambaa kigumu cha bitana. Leso moja ina kama mita moja na nusu kwa urefu. Mkoba hutoka na kitambaa hubaki. Jina aliache zima, lije mbele. Pindo lizunguke mdomo wa mkoba.

BabaWaChangamwe:
Mama, zipo sandukuni, hatujazigusa. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nitamuuliza.

BabaWaChangamwe:
Nimerudi. Nilimwita peke yake nikamfungulia sanduku. Alikaa sakafuni akazikunjua moja moja, akizinusa. Bado zina harufu ya udi. Alichukua muda mrefu, nami nilinyamaza. Mwisho akashika ya manjano yenye michoro ya korosho, akaniuliza, «Mjomba, hii kweli naruhusiwa kuikata?» Nikamwambia ni yake.

Mkoba umefika kwenye bitana. Jina limekaa mbele, zima. Binti yangu ameharibu koni nne, ya tano imetii. Sasa hivi wako barazani, anampaka mwenzake mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia umeshika sindano.